Haja Kubwa

Lugha yangu ina adabu. Husema haja kubwa,
haja ndogo, kisha hufunga mlango.
Mwaka wa kumi na moja huu ninauguza hapa Hull
na bado kalamu husita kidogo
ninapoandika kwenye jalada: saratani ya puru.

Bi Somoe Mwinchande hakuwahi kulitamka neno hilo.
Alisema "kule".
Kule kunatoka damu, mwanangu. Kule kunaniwaka.
Mkalimani wa kwenye simu akaitafsiri haya yake,
daktari wa mtaa akaandika bawasiri,
na miezi saba ikayeyuka ndani ya tyubu za krimu.

Tulipompata tukamkata vizuri, sitasema uongo.
Mshono ulinyooka kama pindo la kanzu ya Idi.
Ila tundu la mfuko lilipangwa akiwa chali mezani,
usingizini, chini ya taa,
na tumbo lililolala silo tumbo lililoketi.
Hakuna aliyemwambia kabla: Bibi, hebu kaa.
Hebu inama. Hebu nionyeshe unavyosujudu.

Kila aliposujudu, mfuko ulivuja.

Akaacha msikiti. Akaswali kitini, chumbani kwake,
kibla chake kikipita juu ya maegesho ya magari,
na uturi mwingi, mwingi mno,
hata wajukuu wakajua kuna kinachofichwa.

Jumanne baada ya maziko yake niliingia mkutanoni.
Mpasuaji, msoma picha, wa mionzi, wa maabara,
kahawa zao, orodha ya majina kumi na mawili,
dakika nne kila jina.
Mimi kazi yangu ilikuwa kufunga mlango na kunyamaza.
Nikauliza swali kuhusu kuswali.
Kwa Kiingereza halichezi hivyo; lilitoka kavu:
"Nani kati yetu alijua huyu mama anaweka paji la uso sakafuni
mara thelathini na nne kwa siku?"

Bwana Prendergast, mikono yake mikubwa, safi,
akatazama kikombe chake.
"Sikuuliza," akasema. Hakuongeza neno.
Nimeshasikia visingizio vingi hospitalini.
Hicho hakikuwa kimoja wapo.

Yaliyofuata hayana tarumbeta.
Karatasi moja ya waridi. Namba ya simu
inayopokelewa na mtu, si mashine.
Hakuna kisu kabla picha haijasomwa na meza nzima.
Hakuna mgonjwa kwenda chumba cha upasuaji
bila alama tumboni, iliyowekwa akiwa macho.
Tukahesabu, maana wakubwa hawasadiki kisichohesabiwa:
mwaka ule, kati ya arobaini, kumi na tisa walikuwa na alama.
Mwaka huu thelathini na wanane.
Wawili waliletwa usiku, utumbo umeziba, hapakuwa na muda.
Majina yao ninayo. Siyaandiki hapa.

Leo asubuhi: Bwana Wilfred Outhwaite, miaka sabini na mitatu,
mpiga kinanda wa kanisa, suruali ya kanda mbili mabegani.
Nikamwambia, piga.
"Piga nini? Hapana kinanda hapa."
Piga tu, nikuone.
Akaketi ukingoni mwa kitanda, akafumba macho,
viganja hewani, soksi zikitafuta kanyagio sakafuni,
kiwiliwili kikielemea kushoto kwa noti nzito,
kisha kulia, mbali, karibu aanguke,
nami nimepiga magoti mbele yake na kalamu ya zambarau
nikifuata mikunjo ya ngozi inavyofunguka na kufumba.

Hapa. Juu kidogo ya kitovu, kushoto,
mahali ambapo wimbo haupakunji.
Nukta moja. Nikaifunika isifutike akioga.
"Hospitali haijawahi kuniuliza ninavyokaa," akasema,
akicheka, kisha hacheki.

Nikalifungua jalada. Puru, nikaandika, herufi kubwa.
Na kwenye mstari ule mtupu wa chini,
tuliougombania miezi mitatu ili uwepo,
nikaijaza haja yake kubwa:
kuketi Jumapili, saa nzima, bila hofu.