Kosa la Sifuri

Mwalimu Kaduma aliandika ubaoni saba tu:
urefu, tungamo, muda, mkondo wa umeme,
jotoridi, kiasi cha mata, ukali wa mwanga.
Vingine vyote, akasema, ni watoto wa hawa,
huzaliwa kwa kuzidisha na kugawanya.
Nikauliza gunia ni mtoto wa nani.
Darasa likacheka. Yeye hakucheka.
Alifungua kabati, akanipa mizani ya springi,
mwisho wake nyutoni hamsini,
akasema, "Jumatatu iwe hapa, na ndoano yake."

Isyonje, Jumamosi, ukungu umelala juu ya viazi.
Mama yangu Subilaga amesimama kando ya gunia
lililojaa hadi mdomoni, kisha likaongezwa,
likafumwa kwa kamba, likavikwa kilemba.
Lumbesa. Bei moja, gunia moja.
Mfuko wa rambo nikautundika kwenye ndoano,
viazi vya kilo tano, mshale unasimama hamsini,
namwaga kwenye turubai, naandika, najaza tena.
Vidole vilikufa kwa baridi nikiwa mara ya kumi na moja.
Mara ishirini na saba hivyo,
na ya ishirini na nane ikaja na kilo mbili tu.

Mia moja thelathini na saba.

Sheria inajua mia.
Thelathini na saba zilikuwa kilemba.

Nilimpelekea Bwana Mdoe daftari, mnunuzi wa Ilala,
koti la ngozi, meno yana kahawa.
Alisoma hesabu yangu yote, mpaka chini,
akaisifu hata hati.
"Lakini mimi, mwanangu, sinunui kilo.
Nanunua gunia."
Akaichukua mizani, akaipachika kwenye kamba ya lumbesa,
akavuta juu kwa mikono miwili, kwa mzaha tu.
Springi ikalia kidogo, kama mlango wa stoo.
Vijana wa kupakia wakapiga makofi.

Mama hakusema neno. Alihesabu noti zake,
akazikunja, akazitia kifuani,
kisha akarudi kwenye meza yake ya rejareja,
akachukua sado, akampimia mama mmoja wa Tukuyu
viazi vya chakula cha jioni.
Nami, niliyekuwa bado na macho ya kupima,
nikaiona sado ile kwa mara ya kwanza:
kitako kimepigwa nyundo kutoka nje,
kimebonyea ndani kama kitovu cha mtoto.
Viazi viwili. Labda vitatu.
Ada yangu ya muhula, nikazidisha,
nikagawanya, nikaacha.

Njiani tukirudi aliniuliza tungamo ni nini.
Nikasema ni ule wingi wa kitu usiobadilika,
hata ukikipeleka mwezini.
Uzito ndio unaopungua, kwa sababu mwezi unavuta kidogo.
Akatembea hatua nyingi, ndoo kichwani, shingo wima.
"Basi huko mwezini," akasema,
"lumbesa ingebebeka."
Akacheka peke yake mpaka kwenye daraja.

Jumatatu Mwalimu aliitundika mizani msumarini,
tupu, haina kitu,
na mshale ukasimama kwenye tatu.
Aliigonga kwa ukucha. Tatu.
"Imevutwa kupita uwezo wake," akasema,
"chuma kikishafika huko hakirudi nyumbani."
Nilingoja fimbo. Nilingoja barua ya mzazi.
Alichukua chaki nyekundu, akaandika kwenye mbao za kabati:
MIZANI NAMBA NNE, TOENI TATU.

Mpaka namaliza kidato cha nne tuliitumia hivyo.
Kila aliyetundika jiwe, kufuli, kiatu,
alisoma, akatoa tatu, akaandika jibu sahihi.
Wadogo zetu hawakuuliza tatu hizo ni za nini.
Ni mimi tu niliyejua jina lake la nyumbani,
na kila nikitoa
niliiona sado, kitako juu, ikikauka uani.