Ngamia wa Barabara ya Kumi na Mbili

Vogi niliiuza mwezi wa tano, masika hayajakata.
Nilimkabidhi kijana Mntambo, mnunuzi wa machungwa wa Muheza,
funguo mbili, kadi,
na bahasha ya risiti iliyonenepa kuliko bei.
Sikumficha. Nilimwambia: hii hupiga magoti.
Akacheka, akadhani ndiyo mafumbo yetu watu wa Tanga.

Si fumbo. Miaka sita
niliiacha usiku imesimama uani kwangu Chuda,
alfajiri naikuta imekaa,
bega la kushoto kwanza, kisha kiuno,
kama ngamia anayengoja shehena
na msafara ulishapita.
"Mifuko ya upepo," alisema fundi Sechonge.
"Pampu," alisema mwezi uliofuata.
"Kompyuta imenuna," alisema baada ya Idi,
na kila neno lake liliagizwa Dubai.

Basi Ngamiani nikaijua upya, kwa gari bovu.
Gereji yake ipo Barabara ya Kumi na Mbili,
benchi ni kiti cha nyuma cha Pijo iliyokufa zamani.
Pale nilisubiri, mwaka mmoja, vitu viwili kwa pamoja:
rejeta na talaka.
Talaka ilifika kwanza. Haikulipiwa ushuru.
Sechonge hakusema pole. Alinisogezea kahawa na kipande cha kashata,
akarudi chini ya gari, akakaa huko muda mrefu
kuliko kazi yenyewe ilivyotaka.

Sikuichoka siku ile. Niliichokea Hale,
mteja wa mkonge kiti cha mbele,
saa nane, jua la kupasua kokoto.
Taa ya njano ikawaka. Kioo kikaniandikia
kwa Kiingereza cha adabu kubwa
kwamba gari linaomba radhi, haliendi.
Likapita shangingi kuukuu la mkandarasi,
mabati juu, mbuzi ndani,
halikupunguza mwendo hata wa kutucheka.

Mimi ni wakala wa forodha.
La kwangu nililitoa bandarini mwenyewe,
jeupe, refu, ushuru wote, sikujipendelea senti.
Siku ya kwanza, pale Kange, askari wa barabarani akapiga saluti
kabla hajaona ni nani.
Siku ya pili, harusini Makorora, nikasikia nyuma ya kanga:
"Shangingi kanunua shangingi."
Nilicheka kabla yao.
Mwanamke wa miaka hamsini na mbili, hana mume,
akikaa juu ya magurudumu makubwa,
Kiswahili kilishamwekea neno,
kilikuwa kinamsubiri anunue.

Nalo haliharibiki.
Nimelipeleka Lushoto kwenye utelezi, nimelipeleka Pangani
njia ikiwa mashimo matupu; linarudi kama lilivyotoka,
linadai maji ya kuoga tu.
Mwezi wa nane nilipita gereji kumwaga oili.
Sechonge alifungua boneti, akatazama, akaifunga taratibu.
"Hapa sina kazi, Bi Mwanakombo,"
kama mtu aliyerudishiwa posa.

Nikalipa. Kwenye benchi la Pijo
alikuwa amekaa mtu mwingine.

Kila alfajiri nachungulia uani:
limesimama.
Nanywa chai nikilitazama,
na sijui asiye na kosa hulaumiwa vipi.

Jumapili hii simu ikalia, Mntambo, Muheza,
kicheko kimemwisha:
"Mama, imekaa."
Usiiguse, nikamwambia. Nakuja na fundi.
Nikawasha, likawaka mara moja kama kawaida yake,
nikakata kona Barabara ya Kumi na Mbili.
Nilimkuta yupo nje, hakuuliza ni gari lipi,
boksi la spana mkononi,
shati limepigwa pasi.