Kofia ya Shekuwe

Wino na kalamu weka,
nipa uto wa kupaka
na tambara lenye taka
niingie kifuani.

Ni kifua cha mtambo,
jumba na nusu ni tumbo,
umesimama kitambo
hapa Siyu, matopeni.

Waliufua wahunzi,
kiunzi kwenye kiunzi,
wakaupa jina Tanzi;
haukwenda asilani.

Wakautia dizeli,
radi na jua la pili,
kumbe hula kitu ghali:
roho ya mtu fulani.

Fulani huyo ni mama,
Somoe, mtu mzima,
aliyekufa kwa homa
kofia i mkononi.

Ni kofia ya Shekuwe,
kitinda mimba mwanawe,
kichwa kigumu cha jiwe;
aloasi, yu Mandani.

Na Manda nako wanalo
jitu la kioo; nalo
lina kikohozi, hilo,
kama cha mtu kooni.

Mama yumo kijaluba
alichotunzwa na baba,
hutweta ukikikaba
kama njiwa kiganjani.

Usiku hupanda ngazi,
nikamwambia ya juzi,
bei ya unga na nazi,
nani kaposwa mjini.

Naye hujibu kwa hoja,
nati zikagonga: moja
ni ndiyo, na mbili ngoja,
tatu: nduguyo nyumbani?

Hilo silijibu mimi;
hupaka uto, sisemi,
nauma vidole kumi
nikishukia gizani.

*

Vita vikaja Mkanda,
mikoko ikajipinda,
Tanzi akaanza kwenda,
punda walia Fazani.

Jemadari kanadia,
sauti imempwea:
"Tanzi! Ponda, piga, ua!"
Ngumi ikawa angani.

Ndipo lile la kioo
likakohoa kwa koo
kavu, lile la kikao
cha usiku, utotoni.

Nikanusa tangawizi,
asali ndani ya kuzi,
mama hana usingizi,
kamlaza mapajani.

Ngumi ikakwama pale.
Vikafunguka vidole
polepole, polepole,
kama ua la jioni.

Akashona. Naapia,
akachoma, akatoa,
kavuta, kafundikia
hewani; uzi sioni.

La Manda likainama,
kichwa likampa mama
akipime; akapima
kama Idi, barazani.

*

Ngomeni wakanambia:
"Roho hii yafifia.
Itoe. Tutautia
yenye hasira moyoni."

Ya nani? Ya dogo Lali,
ndevu zake si kamili,
aliyefiwa wawili
wazazi, Kizingitini.

Alijileta mwenyewe,
kaketi juu ya jiwe,
akanambia: "Nipewe
kisasi; pepo ya nini?"

Ningaliweza kunena,
"Nenda, wewe u kijana."
Sikunena. Nilibana
mamangu hapa kwapani.

Wao nikawapa kopo
tupu, na vumbi halipo,
nikasema, "Roho ipo."
Likazikwa mchangani.

Mama yu kwenye kidaka,
kofia nikaiweka,
sindano nikachomeka
palepale ukingoni.

Kukicha, huona kito
kimezidi, kama ndoto,
pamba nyeupe, si nzito,
wala mkono sioni.

Tanzi sasa hashindiki.
Lali hapimi, hacheki,
kikohozi hakumbuki
cha nani, mwana wa nani.

Ijumaa kalipata,
na ngumi haikusita;
vigae nikaokota
vya kioo, ufukoni.

Kimoja kikakohoa
mara moja, kikapoa.
Sijui pa kukitua;
kingalimo mfukoni.

Kofia sasa timamu.
Kijaluba kina hamu,
chagonga tatu kwa zamu,
tatu, tatu, ukutani.