Jiwe Ndani ya Mkebe

Mkebe huu ulikuwa wa maziwa ya unga.
Nimeuandika kwa rangi ya kucha: MAJI YA MULONDA.
Hulala chini ya kitanda changu hapa Katuba,
maana sanduku la parokia lina funguo tatu
na wenye funguo ni wanne.

Mwaka mzima tuliujaza.
Ngalula wa makala alileta noti nyeusi.
Kyembe alitoa mshahara wa juma zima,
Jumanne akarudi kuomba nusu, mtoto ana homa. Nikampa.
Kipofu wa mlango wa nyuma aliniuliza:
hayo maji yatakuwa matamu?
Nikasema sijui.
Akatia faranga mia mbili, akasema, basi utaniambia.

Mulonda ni kuacha barabara ya Kasenga
na kusukuma baiskeli mpaka njia yenyewe isahau inakokwenda.
Huko walichota dimbwini, nyuma ya kichuguu,
wakipokezana zamu na nguruwe.
Mama Chansa amezika wawili.
Hatamki jina la ugonjwa. Husema "yale maji,"
kama mtu asiyetaka kumtaja mke mwenza.

Mwezi wa kumi, joto la kupasua ngoma,
mashine ikafika juu ya lori.
Padri Numbi akabariki ardhi
kwa maji tuliyoyabeba kutoka mjini, ndani ya chupa ya soda.
Mita ishirini, vumbi jekundu.
Mita thelathini na nne, mashine ikatapika kijani.

Fundi akazima.
Mtoto mmoja akapiga makofi: maji yameota majani!
Sisi wa mjini tukanyamaza.
Tumezaliwa chini ya bomba refu la moshi,
babu zetu waliikohoa rangi hii mpaka kaburini.

Maji hayakuwapo. Ilikuwapo mali.
Na mali, kwetu, haijui kunong'ona:
leo jiwe moja,
kesho vijana wenye sululu na tochi kichwani,
keshokutwa gari la vioo vyeusi, karatasi yenye mhuri,
na Mulonda inaambiwa ihame
mihogo yake ikiwa bado ardhini.

Padri alitazama viatu vyake.
Fundi alitazama jiwe, kwa muda mrefu mno.
Mama Chansa ndiye aliyesema:
"Fukieni. Mimi niliomba kunywa."

Tukafukia. Tukashindilia udongo kwa nyayo,
padri naye, kanzu ameikunja magotini.
Nusu ya mkebe ilizikwa pale.
Daftarini niliandika: Shimo la kwanza, kavu.
Uongo huo nimeuungama mara mbili.
Mara ya pili niliyemwungamia alikuwa padri yuleyule,
nikasikia nyuma ya wavu akikohoa kicheko
kabla ya kuniondolea dhambi.

Kwaresima mbili zikapita, tukichanga upya.
Shimo la pili tulichimba bondeni, penye mikuyu.
Asubuhi lilitoa tope. Saa tisa likatakata.
Mama Chansa akashika mpini wa pampu,
akajaza ndoo, akaimwaga chini.
Akajaza ya pili, akaimwaga.
Hakuna aliyemkataza.
Ya tatu ndiyo aliyokunywa.

Nilimletea kipofu chupa yake.
Akanywa, akafikiri.
"Yana ladha ya chuma."
Ni bomba, nikamwambia, bado jipya.
"Haya. Na ile mia mbili yangu iliingia shimo lipi?"
Nikajifanya naitwa na mtu.

Kitu kimoja sikukiandika popote.
Siku ile ya kufukia niliinama kufunga kiatu,
nikaokota kipande, ukubwa wa yai la kanga,
kijani kama shingo ya njiwa.
Kimo humu mkebeni, chini ya noti.
Sijakiuza. Sijakitupa. Sijui ninakitunzia nini.

Sasa tunachangia kijiji cha pili.
Jumapili watu huuchukua mkebe, huutikisa,
husikia kitu kizito kikigonga bati,
hufurahi: umeanza kujaa!

Nasema, bado.
Ongezeni.