Imeanguka Vizuri

Wete, saa tano usiku. Kituo cha karafuu kimefungwa,
majamvi yamekunjwa, na harufu ile ile
imeingia mpaka kwenye vitufe vya kibodi.
Mimi, mashine mbili, simu moja,
na Shaame mlinzi, anayeuliza kila akipita:
"Bado tu unaiharibu?"

Ndiyo, Shaame. Ndiyo kazi yangu hasa.
Programu ya mizani wameiandika vijana wa Unguja Mjini
kwenye kompyuta nene, yenye kumbukumbu ya kumwaga.
Haijapata kuomba ikanyimwa.

Basi naifundisha njaa.
Naziba nafasi, kidogo kidogo,
nabakisha pa kuweka punje, si gunia,
kisha namleta Bi Time Faki, mkulima wa kubuni,
kilo arubaini na tatu, kavu, daraja la kwanza.
Haya, mpimie.

Mashine ya mwanzo, ile ya dirisha la rangi nne,
ni kama mwenye duka mmoja wa Limbani:
unamwomba, anatazama rafu, anasema "Hapana."
Hapana kavu, lakini unaondoka unajua.
Programu ikalisikia neno, ikatafuta la kujibu,
na hapo nikacheka peke yangu:
ili iandike "nafasi imekwisha"
iliomba nafasi ya kuandikia.
Ikanyimwa tena. Ikabaki mdomo wazi.

Ya pili, ile ya ngwini, ina adabu nyingi.
Ukiomba chumba: "Karibu."
Ukiomba nyumba: "Karibu."
Ukiomba mtaa mzima: "Wewe tu, ndugu yangu."
Siku ya kuingiza mizigo ndipo inagundua
vyumba havipo,
wala haitoki kukwambia samahani.
Hutazama nani mnene kuliko wote mle ndani, humchinja.
Hakuna kosa la kudaka.
Bi Time na kilo zake arubaini na tatu
hawakupata kuwepo.

Simu ya Mkasi, karani wa zamu, haikujisumbua:
ilifunga kila kitu
ikanionyesha picha ya mwanawe, na saa.

Mama akipima mchele wa kupika
alirudisha konzi moja kwenye kopo la maziwa,
hata siku ambazo konzi ile tuliisindikiza kwa macho.
"Hii ya siku nitakayokosa
hata nguvu ya kwenda kukopa."
Nami nimeiamuru programu ijitengee konzi
kila inapoamka, kabla ya mzigo wa kwanza.
Isiiguse. Siku ya hapana iimwage,
ipate pumzi ya kusema neno moja.

Kwa yule wa karibu-karibu, konzi haisaidii.
Kwake nimegeuza mpango:
andika kwanza kwenye diski, jina, kilo, saa,
ndipo uombe chochote.
Akikuchinja, akuchinje umekwisha kuandika.

Saa nane kasoro. Nabana tena.
Ya kwanza: hapana, na neno moja kwenye kioo.
Ya pili: karibu, karibu, kimya.
Naiwasha upya, nimeuma kidole.
Yupo. Mstari mmoja, Time Faki, arubaini na tatu.
Saa imekosea dakika tatu; hilo la kesho.
Simu ya Mkasi sijui, chaji imekwisha.

"Imefaulu?"
"Imeanguka," namwambia, "lakini imeanguka vizuri."
Shaame akanitazama kama mtu aliyeambiwa
mkarafuu wake umeanguka vizuri,
akaenda kuzima taa ya nje.