Taarifa ya Ukumbi, Novemba

Paa limezibwa. Ndoo tumeirudisha jikoni,
ila Eluned anasema tusiitupe, anaijua mvua ya Welisi.
Jumatano maktaba itafunguliwa saa nane, si saa saba:
Gethin ana miadi ya goti, na ufunguo ni mmoja.

Asante kwa aliyeacha magunia matatu ya vitabu mlangoni.
Vya upishi tumevipanga. Ensaiklopedia za mwaka arobaini na saba
zinashikilia mlango usibamizwe na upepo.
Chai sasa ni peni hamsini. Anayelalamika
aje aoshe vikombe.

Jingine.
Bi Non Prydderch amerudisha kitabu cha nyuki
alichoazima marehemu mumewe. Kimechelewa miaka sita.
Alisimama kaunta, pochi wazi, akihesabu faini.
Sote tukatazama viatu.
Eluned akakifunua: tiketi ya basi
bado imekaa ukurasa wa tisini.
Akachukua mhuri, akaupuliza,
akagonga tarehe mpya,
akamsogezea.
"Hajakimaliza," alisema.

Alisoma kando ya hita mpaka tukazima taa.

Tulikuwa tunatafuta mtu wa kufagia Ijumaa.
Tumempata.