Masika ya Tatu

Ndugu Kokushubira,
sentensi ya kwanza nimeifuta mara nne.
Mhasibu anataka iseme *tunayo furaha kukujulisha*.
Furaha ninayo, ila ni ya kupima kwa kijiko,
kama sukari ya tarehe ishirini na nane.

Kazi ipo. Hilo ndilo la kwanza.
Ni ya baada ya uzamivu, miezi kumi na minane,
kuanzia Januari mbili, siku ambayo geti la Mlimani
hufunguliwa na mlinzi mwenye usingizi wa sikukuu.
Utapima tope la Mto Msimbazi:
linatoka wapi, limebeba nini,
linafika lini Jangwani kuingia vyumbani mwa watu
bila hodi.
Vituo ni vinne. Cha Kinyerezi kina kipimo kizima.
Kipimo cha tatu kilisombwa; tulikikuta Kigogo
kwa fundi baiskeli, kimekuwa kopo la grisi.

Mshahara ni huo ulioandikwa chini.
Usiupigie hesabu kwa dola. Mimi niliipiga,
nayo ikanipiga.
Nyumba ya chuo hakuna. Bima ni ya mtu mmoja.
(Niliuliza kuhusu mwanao.
Wakasema mradi hauna mtoto.)
Chumba utachangia na Dakta Mwakisyeri, anayesoma kwa sauti.
Dirisha lifunge hata ukitoka dakika moja:
tumbili wa hapa hawaheshimu chapati wala takwimu.

Sasa kifungu cha tisa.
*Mkataba huu ni wa muda na hautahuishwa.*
Nilikaa nacho jioni nzima,
jengo likabaki na mimi na jenereta.
Kazi ya muda. Lugha yetu ina adabu zake:
haisemi fupi, haisemi ya kupita,
inasema ya muda, kana kwamba mwajiri ni muda wenyewe,
na mimi, na mhasibu, na yule wa ng'ambo aliyetia sahihi ya fedha,
sote ni vibarua wake wa kutwa.

Nami nilianza hivyo. Nilipewa mwaka mmoja,
meza isiyo na droo, na onyo nisitundike kitu ukutani.
Nilitundika kalenda.
Leo ni mwaka wa ishirini na tisa.
Sikuambii haya kukupa tumaini:
wenzangu watatu walitundika pia.
Mmoja anauza matairi Mbezi.

Siku ya usaili uliuliza swali moja tu,
jopo zima likatazama karatasi:
"Miezi kumi na minane ina masika mawili.
Tope halisemi kweli likiulizwa mara mbili.
Masika ya tatu nani atayapima?"
Profesa Kihwelo akakohoa.
Mtu wa utumishi akaandika *mwombaji anajiamini*.
Mimi sikukujibu,
ndiyo maana barua hii imechelewa siku kumi na moja.

Jibu bado sina. Nina hili:
kufuli la banda la Kinyerezi halimo kwenye orodha ya mali za mradi.
Nililinunua mwenyewe Kariakoo, elfu kumi na tano,
na funguo zilikuja mbili.
Na kuna Bi Mwanshamba, anafuga bata jirani na banda.
Anasoma namba za kwenye fito kila maji yakipanda,
anaziandika nyuma ya daftari la vikoba.
Hakuna anayemlipa.
Hana mkataba wa kumwishia.

Ukikubali, tia sahihi kila ukurasa, nakala mbili,
zinifikie kabla ya Ijumaa saa tisa na nusu.
Ukikataa, nitaelewa, na nitanuna.
Njoo na buti zako. Za chuo ni jozi moja, namba kumi,
za kijana aliyetuacha katikati ya masika ya kwanza.

Wako katika ujenzi wa taifa
(mhasibu alisema hii imepitwa na wakati, niitoe;
nimeiacha),

N. Semkiwa